Pacha wangu, mate yake na mapafu yangu

Pacha wangu alitema mate kwenye kichupa, akakifunga, akakituma kwa posta kwa kampuni moja ya kupima vinasaba. Hakuniambia. Nilikuja kujua mwezi uliopita ripoti iliporudi, alipoipiga picha na kunitumia saa tano usiku na maneno mawili: "Umeona hii?"

Nikaisoma kitandani. Kwenye sehemu ya magonjwa ya kinga ya mwili kujishambulia, waliandika kwamba hatari yake inakaribiana na ya watu wengine. Nikacheka mpaka nikakohoa, na mimi nikianza kukohoa si jambo la dakika moja. Sisi ni mapacha wa kufanana, yai moja lililogawanyika. Mate yake ni mate yangu. Ripoti ile ilikuwa yangu neno kwa neno, na mimi huu ni mwaka wa sita nina skleroderma, ugonjwa wa kinga kujishambulia unaokaza ngozi na kuacha makovu ndani ya mwili; yangu yako kwenye mapafu yote mawili.

Nikamjibu: "Pacha, hawa wamenipima na mimi bila kujua, wamesema sina shida."

Hakucheka. Akaandika: "Sasa kama damu ni moja, zamu yangu lini?"

Nilimwahidi jibu kabla ya kulala, kisha sikulala. Jibu limekuwa refu kuliko ujumbe wa simu, basi naliweka hapa, maana najua si yeye peke yake anayeuliza. Mimi si daktari, ni fundi cherehani. Nasoma polepole, namwuliza daktari wangu maswali mpaka anatazama saa, narudi kusoma tena.

Kwangu ilianzia vidoleni. Nilikuwa nakunja pindo la gauni, vidole viwili vya mkono wa kulia vikawa vyeupe kama chaki, halafu bluu, halafu vyekundu vinawaka moto. Sindano iliponichoma sikuisikia. Niliona damu kwenye kitambaa kwanza. Hali hiyo ina jina la daktari Mfaransa, Maurice Raynaud, aliyeieleza mwaka 1862, na watu wengi wanaishi nayo miaka yote bila ugonjwa wowote nyuma yake. Daktari wa kwanza niliyemwona aliniambia nivae glavu, na kwa watu wengi angekuwa amemaliza kazi. Mwaka mmoja baadaye pete haikutoka kidoleni, ngozi ya mikono ilikuwa imekaza kama kitambaa kilichorowa kikakaukia juani, na ngazi nilizokuwa nazipanda huku naimba zikawa zinanisimamisha katikati.

Kovu, kwa lugha ya kazini kwangu, ni kushona. Mwili ukiumia, seli zinazoitwa fibroblasti zinafika na uzi wao, kolajeni, zinaziba palipochanika, kisha zinatulia. Kwenye skleroderma fundi hatulii. Mishipa midogo ya damu inaumia, kinga ya mwili inawaona wenyeji kama wageni, na amri za "shona" (kubwa mojawapo inaitwa TGF-beta) zinaendelea kutolewa wakati hakuna tena cha kushonwa. Anashona mpaka tundu la mkono linaziba. Ngozini unaona kwa macho. Kwenye mapafu huoni chochote, mpaka siku picha ya CT inaonyesha ukungu chini ya mapafu yote mawili, mithili ya kioo kilichopuliziwa pumzi.

Haya, swali la pacha. Kuna utafiti mmoja ambao kila nikiusoma nahisi waliufanya kwa ajili yetu. Ulitoka Marekani mwaka 2003. Walikusanya jozi 42 za mapacha ambao angalau mmoja ana skleroderma: jozi 24 za kufanana kama sisi, jozi 18 za wasiofanana. Wakahesabu ni jozi ngapi ambazo wote wawili wanaumwa. Kwa mapacha wa kufanana, jozi moja. Kwa wasiofanana, jozi moja. Jumla mbili kati ya 42, yaani asilimia 4.7.

Pacha, soma tena hapo. Kama vinasaba peke yake ndivyo vingekuwa vinaamua, sisi wa kufanana tungepaswa kuwa wengi zaidi. Hatukuwa.

Ila nisikudanganye, utafiti huo huo una upande wa pili. Walipima pia kingamwili zinazolenga kiini cha seli za mtu mwenyewe, zile ambazo karibu kila mwenye skleroderma anazo. Kwa mapacha wa kufanana, yule mzima naye alikuwa nazo katika jozi asilimia 90 hivi. Kwa wasiofanana ilikuwa kama asilimia 40. Maana yake kinga iliyokwisha kujikosea inaonekana kurithiwa sana, na ugonjwa wenyewe kidogo sana. Katikati ya hivyo viwili kuna kitu kinachotokea kwa mmoja na hakitokei kwa mwingine.

Ndiyo maana mwaka juzi matokeo yako ya damu yaliporudi na kingamwili hizo, mimi sikushtuka, ingawa wewe ulilia kwenye gari. Nilikuwa nimeshaisoma hiyo 90. Ningekuambia siku ile ile kama ningepata nafasi ya kuongea. Mama alikuwa amekaa kiti cha nyuma anasema ni ya shangazi.

Mama na shangazi ni mada inayojitegemea. Shangazi yetu alikuwa na baridi yabisi ya vidole vilivyopinda, na mwishoni mapafu yake yalijaa makovu. Mimi nilipoanza kukohoa, mama alikuwa na jibu tayari: ugonjwa wa ukoo wa baba yenu, umeruka ukamkuta huyu. Nilimbishia miaka miwili. Sasa nakubali alikuwa na nusu ya ukweli, na sijamwambia.

Nusu aliyopata ni hii. Baridi yabisi, lupasi na skleroderma ni magonjwa matatu tofauti ya kinga kujishambulia, lakini yanashirikiana baadhi ya jeni zinazoongeza hatari. Jeni iitwayo STAT4, inayosaidia kupitisha amri ndani ya seli za kinga, imejitokeza kwenye yote matatu. Kwa hiyo ukoo wenye mmoja wa baridi yabisi na mwingine wa skleroderma si kioja.

Nusu aliyokosa ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mwaka 2011 watafiti waligundua badiliko la herufi moja karibu na jeni ya MUC5B, jeni inayotengeneza protini ya ute wa njia ya hewa. Lilikuwa kwa wingi sana kwa watu wenye makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo. Mwaka 2018 badiliko hilo hilo likakutwa kwa wenye baridi yabisi waliopata makovu ya mapafu. Lilipandisha uwezekano mara tatu hivi. Walipolitafuta kwa wenye skleroderma wenye makovu ya mapafu, hawakuliona likizidi. Kovu lipo, kikohozi kipo, jeni ile haimo. Kwa hiyo mapafu ya shangazi na yangu yanaweza kuwa yamefika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti, na hata CT hutofautiana: baridi yabisi huelekea mara nyingi kuacha vishimo kama sega la nyuki, wakati wengi wetu tuna ule ukungu niliousema. Badiliko lenyewe, kwa taarifa yako, ni la kawaida kwa wenye asili ya Ulaya na ni adimu sana kwa wenye asili ya Afrika. Sijui kwa nini jambo hilo halikuandikwa kwa wino mwekundu kwenye ripoti yako ya mate.

Na hapa ndipo watu wengi wanapopotea, mimi nikiwemo. Jeni za kuupata ugonjwa na jeni za kovu kufika kwenye kiungo fulani ni maswali mawili. La kwanza limejibiwa kiasi. Mwaka 2010 ulitoka uchunguzi mkubwa wa kwanza wa vinasaba vyote kwa wenye skleroderma wa asili ya Ulaya, ukathibitisha majina ya jeni yaliyokuwa yakitajwa, kama STAT4 na IRF5, na kuongeza CD247. Mwaka 2019 ukaja mwingine wa watu zaidi ya 26,000, wagonjwa wakiwa zaidi ya 9,000, ukataja sehemu 27 za vinasaba. Nilitegemea nikute orodha ya jeni za uzi na sindano: kolajeni, fibroblasti, kovu. Nyingi zilizotajwa ni za kinga. Ukiitazama orodha ile bila kuambiwa ni ya ugonjwa gani, hungejua kwamba unahusu makovu.

Swali la pili ni gumu. Ukichukua wagonjwa tu, ukawagawa wenye makovu ya mapafu huku na wasio nayo kule, kundi linakuwa dogo na bahati inaanza kujifanya ushahidi. Hadithi ya CTGF ndiyo inayonikaa kichwani. Hiyo ni jeni ya protini inayochochea ushonaji wa kovu, kwa hiyo ilikuwa mshukiwa halali. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba badiliko moja kwenye swichi ya jeni hiyo linakwenda pamoja na skleroderma, hasa kwa wenye makovu ya mapafu. Mimi nilipokutana na habari hiyo miaka mingi baadaye nilipiga meza: huyu hapa! Nikaandika jina lake kwa chaki ya fundi kwenye ukuta wa chumba cha kushonea. Baadaye nikasoma waliojaribu kurudia Amerika ya Kaskazini na Ulaya, hawakuupata uhusiano huo. Japani waliupata. Jina bado liko ukutani, nimelizungushia alama ya kuuliza.

IRF5 iko mahali pazuri kidogo. Kuna badiliko la jeni hiyo ambalo, katika wagonjwa waliofuatiliwa, wenye nakala ile isiyo ya kawaida walikuwa na mapafu yenye nafuu na waliishi muda mrefu zaidi. Ni kati ya mabadiliko machache yanayosema habari ya kinachofuata baada ya kuugua.

Lakini kama utaniuliza ni kinasaba gani kinakaribia zaidi kujibu "ni kiungo gani kitashonwa", nitakuambia tazama HLA, kisha tazama kingamwili. HLA ni familia ya jeni zinazotengeneza masinia. Kila seli huweka vipande vya protini juu ya sinia na kuwapitishia askari wa kinga waone: hiki chetu, hiki kigeni. Masinia ya watu hayafanani, na umbo la sinia linaamua kipande gani kitakaa vizuri juu yake. Sinia moja, HLA-DPB1*13:01, linakwenda pamoja sana na kingamwili dhidi ya protini iitwayo topoisomerasi. Na wenye kingamwili hiyo ndio wanaopata makovu ya mapafu zaidi. Mimi ninayo.

Wenye kingamwili dhidi ya sentromea, sehemu ya kromosomu, hupata makovu ya mapafu kidogo, ila wanatakiwa kuangaliwa shinikizo la damu kwenye mishipa ya mapafu, ambalo huja kimya baada ya miaka mingi. Wenye ile ya RNA polimerasi ya tatu wachunge figo, maana shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla na kuziua, na wachunguzwe saratani pia kwa kuwa huwa zinafuatana kwa karibu. Ni mara chache sana mtu kuwa na mbili kati ya hizo tatu. Daktari wangu alinichorea haya nyuma ya karatasi ya maabara, dakika tano tu, na yamenisaidia kuliko kurasa zote nilizosoma. Kama una ugonjwa huu na hujui kingamwili yako ni ipi, kesho uliza.

Kuna watu ambao sinia limeonekana kuwa na uzito wa kutisha. Wachoctaw wa Oklahoma, jamii ya wenyeji asilia wa Marekani, ndio waliowahi kuripotiwa kuwa na skleroderma kwa wingi kuliko jamii nyingine yoyote iliyochunguzwa: takribani 66 kwa kila watu 100,000, na kwa wale wasio na mchanganyiko na jamii nyingine idadi ilikuwa kubwa zaidi mara kadhaa. Walikuwa na aina moja ya HLA iliyojirudia, na mwaka 1998 likaongezwa eneo la kromosomu ya 15, palipo na jeni ya fibrilini, protini inayoshikilia nyuzi za tishu unganishi. Nilipenda hilo la fibrilini kwa sababu angalau ni jeni ya kitambaa. Wamarekani weusi nao huupata mapema zaidi na mapafu yao huumia zaidi, na aina za HLA zinazohusika kwao si zote zile za wazungu. Halafu mtu anatumiwa kichupa cha mate chenye alama zilizohesabiwa kutoka kwa wazungu.

Sasa kile kitu cha katikati, kinachomkuta mmoja na kumwacha mwingine. Vumbi la mawe lenye silika limejulikana siku nyingi: mwaka 1914 daktari mmoja wa Scotland aliripoti ugonjwa huu kwa wachonga mawe, na mwaka 1957 ukaripotiwa kwa wachimba dhahabu wa Afrika Kusini. Mimi sijachonga jiwe maishani mwangu. Kuna alama za kikemikali juu ya vinasaba zinazofungua na kufunga jeni, na hizo hutofautiana hata kwa mapacha kadiri miaka inavyokwenda. Kuna pia jambo la wanawake: tunaugua mara kadhaa kuliko wanaume, na kila seli ya mwanamke hufunga kromosomu X moja kati ya mbili, hakuna kinachowalazimisha mapacha kufunga ile ile. Kipi kilinipata mimi? Sijui, na nimeacha kujilaza usiku nikihesabu tofauti zetu. Nilishafika mpaka kwenye surua ya darasa la pili, wewe hukuugua.

Kwa ndugu wa kawaida namba ziko hivi, kwa wale mlioandika kwenye maoni ya chapisho lililopita. Utafiti wa familia 703 nchini Marekani, mwaka 2001, ulikuta familia 11 tu zenye mgonjwa zaidi ya mmoja, yaani asilimia 1.6. Kwa watu wote ilikuwa asilimia 0.026. Unaweza kusema "mara sitini!" ukamtia mtu presha, au ukasema familia 692 kati ya 703 zilibaki na mgonjwa mmoja. Namba ni ile ile. Mama nimemwambia hiyo ya pili.

Matibabu nayapitia haraka maana niliyaandika mwaka jana. Natumia mikofenolati ya kutuliza kinga, na nintedanibu ya kumpunguza kasi fundi. Katika majaribio ya mwaka 2019, wagonjwa 576, waliomeza nintedanibu walipoteza wastani wa mililita 52 za pumzi kwa mwaka, wasioimeza 93. Dawa haifumui kilichoshonwa. Na tumbo linaendesha, tusifichane. Pumzi yangu iko asilimia 74 ya inayotarajiwa kwa mwili wangu, na imekaa hapo miezi ishirini.

Basi, pacha, zamu yako lini. Niliona kuna kipimo ambacho kwa hali yako kinasema zaidi ya mate. Mwaka 2008 Wakanada walitoa matokeo ya watu 586 wenye Raynaud waliofuatiliwa hadi miaka ishirini. Wasiokuwa na kingamwili maalumu za skleroderma wala kasoro kwenye mishipa midogo ya ukingo wa kucha, asilimia 1.8 tu ndio waliofikia ugonjwa. Waliokuwa na vyote viwili, karibu asilimia 80. Wewe Raynaud huna. Kingamwili yako ni ile ya jumla, ile maalumu haikuonekana. Kilikuwa kimebaki kutazama kucha.

Tulikwenda Alhamisi. Muuguzi alimdondoshea tone la mafuta chini ya ukucha wa kidole cha pete, akasogeza darubini ndogo, na kwenye skrini ikatokea safu ya mishipa yake: vitanzi vyembamba, vimesimama wima kwa nafasi sawa, kama vibanio vya nywele vilivyopangwa kwenye kadi dukani. Mimi ni fundi. Mstari ulionyooka naujua. Kidole cha pili vilevile. Vidole vinane, havikuruka popote.

Kisha pacha akasema nikae na mimi. Sikutaka, lakini muuguzi alishafuta kioo. Vyangu vimevimba kama mafundo, katikati kuna mapengo yasiyo na kitanzi hata kimoja, cherehani iliyoruka nusu ya mstari. Pacha alitazama muda mrefu kuliko alivyotazama vya kwake. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama inauma.

Nikamwambia hapana, baridi ndiyo inayouma.

Tulipotoka nje akavua glavu zake akanipa, wakati mimi nimeshavaa zangu.